Message Kwanza, Salamu Nyuma

Salamu itakuja nyuma. Musione mubaya, mutajua ni juu ya nini.

Message ni hii: antenne ya phonie isiteremuke. Rudilieni ndani ya moyo, kisha muendelee kusoma.

Ninyi watatu mwenye mumeingia juzi mu bureau ya message ya hôpital, mumeniandikia: "Kaka Dieudo, jumatatu hii, lundi, Administrateur anataka tumuchagulie chombo moja tu ya message ya haraka. Anasema telefone mpya zitatosha, ile phonie, redio ya zamani ya kusemeshana na centre za afya, itoke, na waya yake iteremushwe juu ya mabati. Tununue telefone gani?" Nilisoma hiyo nikiwa ninaunganisha waya ya redio ya mutu, hapa kwangu Rwambuzi. Niliweka kazi chini nisiharibu kitu ya wenyewe na hasira. Nikazunguka parcelle ya nyumba mara mbili. Muke wangu akauliza, "Nani tena leo?" Nikasema ni watoto ya bureau. Akasema, "Basi waandikie. Usiende kuko, utapiga mutu." Njo maana naandika.

Niko na miaka thelathini na sita, sina hata mvi moja, na muko na haki ya kucheka mukisikia niko retraité, nimeshaacha kazi. Lakini ile kiti mumekalia nilikaa juu yake miaka kumi na moja, na sikio yangu ya kushoto njo iliniondosha. Mvua ilikuwa inakuja. Nilishafundishwa: ukisikia phonie inaanza kulia sawa vile mafuta ya moto mu sufuria, chomoa antenne, tupa mwisho ya waya inje ya dirisha, vua casque ya masikio, enda ukae mbali. Lakini mimi nilikuwa najua sana. Nilitaka kumaliza neno moja na centre moja. Radi ikapiga fasi ingine, haikuwa hata juu yetu, lakini waya ndefu inaokota kila kitu. Docteur akachungulia mu sikio, akasema, "Dieudo, casque imekwisha kwako." Tangu siku ile kuko nzi moja anaishi mule ndani. Halipe nyumba na hahame.

Ile mambo ya kuchomoa antenne, mwenye alinifundisha ni Maman Georgine. Ninyi munajua tu jina yake juu ya batterie kubwa, ile imeandikwa na vernis ya kucha, nyekundu: GEORGINE. USIGUSE. Pengine munafikiri ni marque ya batterie.

Maman Georgine hakusomaka mambo ya radio. Alikuwa anapiga pasi mashuka ya salle ya opération. Ukuta ya fasi ya pasi na ya fasi ya phonie ni moja, ya mbao, na mbao haichunge siri. Miaka yote anapiga pasi, anasikia. Siku moja operateur wa zamani akahama, wakubwa wakaanza kutafuta mutu wa diplôme. Huku wanatafuta, centre ya afya moja ikaita, ikaita, hakuna wa kuitikia. Maman Georgine akaweka pasi juu ya jiwe, akaingia, akakamata micro, akaitikia. Kisha akaita centre yote, moja kwa moja, kwa majina yao na saa yao, sawa vile mutu anaita watoto wake kukula. Hakurudi tena ku pasi. Wakubwa walitafuta diplôme miezi mitatu, kisha wakachoka kutafuta.

Mimi pia sikusoma ile kazi. Nilijifunza kwa kuvunja redio ya baba. Alinipiga, kisha redio ikaimba, akaacha kunipiga. Maman Georgine alinikamata ku kazi juu nilitengeneza micro yake na ressort, ile springi kidogo ya ndani ya bic. Akaniambia, "Unajua kutengeneza. Sasa utajifunza kunyamaza." Hiyo ya pili haikuingia muzuri, munaona.

Sasa sikilizeni mambo ya salamu.

Siye watu ya Ituri munatujua. Mutu hawezi kuleta neno yake bila kuuliza kwanza. Watoto? Iko muzuri. Mama? Iko. Ngombe? Iko. Mvua kwenu? Inanyesha kidogo. Na ile goti yako? Inauma kidogo. Kisha, sauti pole pole: "Basi, kuko mutu anakufa huku." Na wakati ile batterie ya kule imekwisha, hata haukupata kujua ni mutu gani.

Maman Georgine akatoa sheria: message kwanza, salamu nyuma. Wazee walikasirika. Mwenye alikasirika kupita wote ni Muzee Zakaria, infirmier mukubwa wa centre moja ku barabara ya Bambu. Alipanda pikipiki mpaka Bunia, na koti, na kofia, juu ya kuja kulalamika.

"Georgine," akasema, hajakaa hata, "miye niko mukubwa kwako. Unanikata salamu, na centre yote inasikia."

Maman Georgine akamupa kiti. Akamupa maji. Kisha akaanza kumusalimia. Akauliza bibi yake, akauliza watoto, kila mutoto kwa jina, mpaka Furaha mwenye alikuwa bado mu shule. Akauliza ngombe, nyumba, jirani, mihogo, goti. Muzee anaitikia, anaitikia, mpaka akatoa kitambaa kupanguza uso.

"Muzee," Maman akasema, "batterie yako ingefika hapa?"

Muzee Zakaria akafikiri. "Ingekufa kwa mihogo," akasema.

"Salamu yako sitaitupa. Nitaichunga. Toa message, mimi nitarudilia, kisha utanipa salamu yote na nitakupa yangu yote."

Alikubali, lakini na mudomo murefu. Miaka yote, kila asubui, alianza vile: "Message, kwa sababu Bunia hakuna tena adabu." Centre ingine zilikuwa zinangojea tu ile neno zicheke.

Na mambo ya kurudilia. Hii muikamate na mikono mbili. Kwetu, mutu akisemeshwa na mukubwa anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ile ndiyo haiseme "nimesikia". Inasema "nakuheshimu". Na unaweza kuheshimu mutu saa muzima bila kusikia neno yake hata moja. Maman Georgine alikataa ndiyo. Alisema, "Ndiyo yako bakia nayo. Nipe maneno yangu, irudi sawa vile nilituma." Unatuma, mwenzako anarudilia, unasema "njo vile", na hapo njo message imefika. Mbele ya hapo haiko message, iko kelele.

Hata Docteur mukubwa alimurudilishaka. Docteur akapandisha sauti: "Georgine, mimi ni docteur."

"Njo maana, Docteur," akasema. "Mutu mudogo akikosa, tunakosa kidogo."

Docteur akarudilia. Tena na numero moja moja, sawa vile mutoto wa darasa ya première.

Na munajua, mimi sikukuwa mutu muzuri mu ile bureau. Mwaka yangu ya kwanza, nilianza kuchajia watu telefone ku batterie ya phonie. Infirmier mumoja, kisha chauffeur, kisha watu ya cuisine, mpaka waya zilikuwa sawa vile mizizi. Phonie ilikuwa inasikilika muzuri, nikasema hakuna shida. Kumbe phonie inasikiliza na chakula kidogo, lakini kusema, inakula sana. Asubui moja centre inaita, nasikia kila neno, nafinya micro niitikie, na phonie inazimika tiii. Naachia, inawaka. Nafinya, inazimika. Ninasikia mutu anasema "Bunia, munanisikia?" na mimi niko hapo sawa vile mutu mwenye ametiwa nguo mu kinywa.

Maman Georgine akaingia. Aliona waya. Akatoka, akaambia chauffeur asogeze ambulance mpaka chini ya dirisha, akapitisha nyaya mbili kubwa, akaitikia na batterie ya gari. Kisha Administrateur wa wakati ile akakuja na macho nyekundu. "Nani ameua batterie?"

Nilishafungua kinywa, sijui ningesema nini, pengine bongo, uongo tupu.

"Batterie ni yangu," Maman akasema. Tu vile. Administrateur akamukaripia yeye, mbele yangu, na yeye akasema pardon. Nilipotaka kumushukuru akanipa chupa kidogo ya vernis. "Andika jina yangu juu yake," akasema. "Herufi kubwa, juu hata mupumbavu asome." Njo ile mwandiko munaonaka. Ni ya mukono yangu.

Tangu siku ile, mutu akisema mubaya ya Maman Georgine mbele yangu, mimi sijue tena kama niko mukristo.

Lakini mutu anaweza kupenda mutu na kumuzarau siku moja. Telefone za kioo zilipoingia, mimi njo nilikuwa wa kwanza kuruka. Nikafungua groupe ya hôpital ndani ya telefone: docteur, infirmier, watu ya labo, chauffeur, wote ndani. Photo inapita, sauti inapita, carte ya barabara inapita. Na kweli ilikuwa ajabu, sitakataa. Mara moja docteur aliangalia photo ya mukono wa mutoto mwenye iko mbali na akasema "musimukate, mumulete", na ule mutoto iko na mukono yake mpaka leo. Ile siku nilimuambia Maman Georgine, "Maman, phonie yako iende kwa wafu." Alikuwa anapanguza batterie na kitambaa. Akasema, "Sawa. Nikumbushe nani atarudilia." Nikacheka.

Administrateur alifurahi na groupe. Akaniambia nimuandikie karatasi, lundi, ya kusema phonie itoke. Sawa vile yenu. Sikio yangu ingekuwa inasikia muzuri, ningesema hii habari inajirudilia.

Karatasi nilishaandika. Dimanche, mbele ya ile lundi, niko garde, zamu yangu. Saa ine asubui, watu yote mu kanisa, upande ingine ya barabara. Papa Tabo, mutu wa labo, pia iko garde, na ufunguo ya frigo ya damu iko kwa mufuko yake, lakini alikuwa ameenda kuimba mu chorale. Ilikubaliwa: kanisa iko karibu, na kama unaitwa unakuja.

Phonie ikaita. Ni Muzee Zakaria. Siku ile hakusema kitu ya adabu.

"Message. Mwanamuke, miaka ishirini na mbili. Amezala, saa moja imepita, mutoto iko muzuri. Mama anatoka damu, haisimame. Tumemupa sindano, tumefinya, inaendelea. Anakuja kwenye pikipiki, katikati ya chauffeur na mukunga. Damu yake ni O. Mutayarishe. Rudilia."

Nikarudilia. Sauti yake ilikuwa kavu, moja moja, muzuri kabisa.

"Njo vile," akasema. Nikafikiri amemaliza, nikakamata kalamu. Kisha akasema, "Sasa salamu. Salimia Georgine. Umuambie huyo ni Furaha wangu."

Mutu huyo alisema mambo yote ya mutoto wake, damu yake, miaka yake, sawa vile mwanamuke wa mutu ingine, juu salamu ni nyuma.

Na mimi nilifanya nini? Nikakamata telefone. Nikaandika mu groupe: "URGENCE. Mama anatoka damu, anakuja kutoka njia ya Bambu. Damu O itayarishwe sasa." Nikatuma. Na majibu ikaanza kuanguka sawa vile mvua. Amina. Amina. Mikono ya kuomba. Mungu atende. Amina. Nikahesabu kumi na ine. Papa Tabo pia ndani: Amina. Moyo yangu ikatulia. Nikakaa. Nikajisifu hata, nikasema, angalia kitu ya mwendo, watu kumi na ine mu dakika mbili, phonie ingeweza?

Munaelewa tayari. Mu ile groupe, pasta wa hôpital alikuwa anaweka verset ya Biblia kila asubui, na kila mutu anajibu Amina bila kusoma, kidole inaenda yenyewe. Wengine walisoma, wakaomba kweli, wakafikiri mwenye kazi yake ameshaenda. Papa Tabo alikuwa na telefone chini ya kitabu ya nyimbo. Aliona kitu inang'aa, akafinya Amina, akaendelea na sauti ya basse.

Maman Georgine hakukuwa garde. Lakini kila dimanche, mbele ya kurudi kwake Ngezi, alikuwa anapita kuangalia batterie. Akaingia na nguo yake ya kanisa.

"Kuko kitu?"

Nikamuambia yote, mpaka jina ya Furaha. Akakamata meza.

"Nani amerudilia?"

"Watu kumi na ine, Maman."

"Wamerudilia nini?"

Nikamuonyesha. Alisoma pole pole, kutoka juu mpaka chini. Pikipiki ilishatembea nusu saa.

"Amina ni ya Mungu," akasema. "Mungu hana ufunguo ya frigo."

Nikapiga telefone ya Papa Tabo. Inalia, hakuna mutu. Mu kanisa wanazimaka sauti. Niligeuka nimuambie Maman, hakuko tena. Alikuwa inje, na viatu yake ya kisigino, na fimbo ya chuma mu mukono, mbele ya ile jante, chuma ya gurudumu ya camion, yenye inaninginia ku veranda. Ninyi munaanikaka soksi pale, niliona. Akaipiga. Tatu haraka, kimya. Tatu haraka, kimya. Tatu haraka. Ile ni labo. Aliweka ile sheria yeye mwenyewe, na chorale yote iliijua, juu alishaifundisha mbele telefone haijafika.

Wimbo ikasimama katikati. Papa Tabo akatoka mbio, na robe ya chorale, nyeupe na bleu, ameiinua na mikono mbili sawa vile mama anavuka mutaro. Nyuma yake, watu wane ya chorale. Hawakuulizwa. Walijua jante ya labo inataka nini: damu ya mu frigo, na ya mu mikono. Pikipiki ilipoingia, mufuko wa kwanza ulikuwa tayari, na watu wa robe walikuwa wamekaa kwenye banc, wamekunja mikono ya nguo. Watatu kati yao niliona majina yao mu ile Amina kumi na ine. Docteur akamukamata Furaha mu mikono kutoka kwenye pikipiki. Uso yake ilikuwa rangi ya karatasi.

Nilikaa kwenye phonie. Muzee Zakaria hakuita. Alijua, batterie haichezewe. Kisha docteur akatuma neno, na Maman Georgine akakaa, akafinya micro, akangojea kidogo kama alivyonifundisha, juu neno ya kwanza inakatikaka, na akasema: "Message. Damu imesimama. Anasema. Ameuliza mutoto. Rudilia."

Centre yote ilikuwa inasikia. Muzee alirudilia. Alikwama ku "anasema", akaanza tena kutoka mwanzo, mpaka akafika.

"Njo vile," Maman akasema. "Sasa salamu, Muzee. Leo unaweza kumaliza batterie."

Lundi, Administrateur akauliza nani alipoteza nusu saa. Maman Georgine akaanza: "Bureau ni ya…" na mimi nikamukata, mara ya kwanza na ya mwisho. Nikasema ni mimi. Karatasi nilishapasua. Nilingojea Maman azike telefone zangu. Akasema, "Telefone haikukosa. Ilifikisha kila neno. Dieudo njo hakuita mutu kwa jina." Akanifungulisha groupe ingine, bila verset, bila salamu, na sheria yake: unaandika jina ya mutu mumoja, yule mumoja anarudilia maneno. Hajarudilia, unapiga. Hajaitika, phonie. Hapana, jante. Yeye, mama wa pasi, njo alifundisha telefone adabu.

Kwa hiyo munaniuliza telefone gani. Yenye batterie nene, na munayoweza kutengeneza hapa. Basi. Lakini lundi musichague chombo moja, muchague kamba ya nyuzi tatu: moja ikikatika, ingine inashika. Na mbele ya lundi kuko dimanche. Dimanche saa ine, wakati nyimbo iko moto, mutume message na ile telefone mpya ya Administrateur, na jina ya mutu mumoja. Kisha mukae. Kama yule mutu anasimama ku mulango na maneno yenu mu kinywa, muinunue. Kama ni Amina inakuja, muende veranda, mutoe soksi zenu, mupige.

Sasa salamu.

Mimi niko muzuri, na nzi yangu pia. Muke wangu anawasalimia, anasema ashukuriwe juu sikukuja kuko. Maman Georgine iko kwake Ngezi, macho imechoka, lakini mukimutembelea atawarudilisha hata jina zenu. Muzee Zakaria alikimbia vita ya Djugu na familia, iko hapa Bunia sasa, kwa binti yake. Goti inauma kidogo.

Na ule mama anauzishaka mikate ya mafuta mbele ya portail ya hôpital, mwenye munakulaka kwake kila asubui na munamuitaka tu Mama Mikate, jina yake ni Furaha. Lundi, mbele ya kuingia kwa Administrateur, mumusalimie kwa jina.

Rudilieni.